Cha kung'arishia shaba: pitia kwa muuza ukwaju kwanza

Shaabani ikielekea ukingoni, nyumba nyingi za pwani hushusha shaba: dele la kahawa, masinia, tasa, chetezo, na lile birika la bibi ambalo halichemshiwi tena lakini hakuna anayethubutu kuliuza. Mwaka mzima vimekaa juu ya kabati mpaka vimekuwa rangi ya chai kavu. Mtoto anatumwa dukani, "kalete dawa ya shaba," na huko anakuta dawa chungu nzima.

Kabla hujatoa pesa, kijue chombo chako. Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba juu juu, na ukikikazania utafika kwenye chuma. Isiponasa, tazama rangi: nyekundu ni shaba tupu, ya njano imechanganywa na zinki. Kisha chungulia ndani. Vyombo vingi vya shaba vya kupikia hupakwa bati kwa ndani, rangi ya fedha iliyofifia, kwa sababu shaba tupu ikikutana na kitu kikali kama nyanya au ukwaju huingia kwenye chakula. Bati hilo ni laini, na linayeyuka kwa nyuzi joto 232 za Selsiasi tu, kwa hiyo hata kukibandika chombo kitupu motoni ni kuliharibu. Huko ndani dawa za shaba hazina kazi. Sabuni, maji ya moto, kitambaa, basi.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Niliisugua kwa stilwaya sufuria ya shangazi, wekundu ukaanza kuchungulia chini, nikamwita aje aone inavyong'aa. Hakusema neno. Sufuria ile leo imepandwa mrihani.

Haya, twende madukani.

Namba moja kwangu ni ukwaju, na sina mjadala. Bonge la ukubwa wa ngumi linatosha dele na sinia mbili. Usinunue ule mzuri wa kutengenezea juisi. Muulize muuzaji kama anao wa zamani uliokwisha kuwa mweusi, atakuuzia kwa bei ya kuondoa mzigo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, toa kokwa, nyuzi ziache. Ukipitisha rojo kwa kidole utaona njia nyekundu inafunguka palepale, maana asidi yake inayeyusha ule weusi bila kulazimisha mkono. Zile nyuzi ndizo brashi yako, na hazikwaruzi. Halafu rojo ni zito: linashika kwenye shingo ya dele, mahali ambapo maji ya ndimu yanachuruzika na kuishia sakafuni.

Ndimu na chumvi inafuata, kwa haraka yake. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi laini (ile ya mawe inachora), sugua, suuza. Usiipake ukaenda kusali ukarudi: asidi ikikaa sana kwenye shaba ya njano inanyonya zinki, na chombo kinatoka na mabaka ya rangi ya waridi. Dakika mbili tatu zinatosha. Ndimu zikipanda bei, siki na chumvi iliyokorogwa na unga wa ngano kidogo inafanya kazi ileile.

Mwenye masinia ya kukodisha harusini atafute unga wa kusafishia shaba unaotoka India, kama Pitambari, kwenye maduka ya vitu vya Kihindi. Unaokoa muda. Suuza sana tu.

Brasso, ile dawa ya maji ya kung'arishia, nimeiweka namba nne, na najua wapo watakaonishangaa. Kwa mng'aro haina mpinzani. Aliyewahi kung'arisha kifungo cha mkanda wa jeshi anajua. Lakini ina kemikali na chembe za kusugulia, na hiyo si kitu cha kuacha mahali panapogusa chakula au mdomo. Ya chetezo, mrashi na sinia la kutundika ukutani, sawa. Kwenye nakshi inakauka na kubaki nyeupe kama unga, uwe na mswaki wa zamani karibu.

Stilwaya na mchanga viacheni. Bibi zetu walisugua kwa mchanga na majivu, ni kweli, ila na shaba yao ilikuwa nene. Jiki nayo isikaribie kabisa, inaila shaba.

Kuna hizi chupa za shaba za maji ya kunywa zilizoingia siku hizi. Nje nyingi zimepakwa vanishi, usizisugue. Ndani, tia ndimu na chumvi, tikisa, suuza mara tatu. Na ziwe za maji matupu, juisi hapana.

Popote utakapoona ukungu wa kijani, hiyo ni kutu ya shaba na ni sumu. Iishe yote kabla chombo hakijarudi jikoni. Ukimaliza kausha papo hapo, maana maji yakijikaukia yanaacha madoa. Kitambaa bora hakiuzwi: kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kwa hiyo orodha ya mtoto ni bonge la ukwaju, ndimu nne, na kama chetezo lina nakshi, kopo la Brasso lililo dogo kuliko yote. Litafika Idi ijayo.