TAHADHARI: Wakala wa Kazi za Saudia Anayetoza Fedha na Kushikilia Pasipoti

Ndugu zangu wa Mombasa na Kilifi, hasa wazazi wenye mabinti wanaotafuta kazi Uarabuni, nawaomba mjihadhari na wakala anayezunguka Likoni, Kisauni na Mtwapa akiahidi kazi za hoteli mjini Riyadh. Jina lake silitaji kwa kuwa suala limeshafikishwa polisi, lakini mbinu zake zinatambulika. Kwanza hudai fedha za usajili, kisha za vipimo vya afya, kisha za viza, zote zikitumwa kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi bila risiti. Pasipoti ikitoka huichukua kwa madai ya kuitunza, na mkataba hauonekani mpaka siku ya safari, tena umeandikwa kwa Kiarabu kitupu. Binti wa jirani yetu alifika huko akakuta kazi ni ya ndani, mshahara ni mdogo kuliko alioahidiwa, na alipoomba kurudi nyumbani akaambiwa alipe kwanza gharama za kuletwa.

Deni hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu ndilo kamba inayomfunga binti kwa mwajiri. Chini ya utaratibu wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hutegemea mwajiri wake, na mageuzi ya kazi ambayo Saudia iliyaanza Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani.

Wakala huyu huwaambia wazazi kwamba sheria za kimataifa hazifiki kule. Ni kweli kwamba Kenya na Saudia hazijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji, ambao kifungu chake cha 21 kinamkataza mtu asiye afisa wa serikali mwenye idhini ya kisheria kuchukua hati za mhamiaji. Lakini nchi zote mbili zimeridhia Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 unaopinga kazi ya kulazimishwa, pamoja na Itifaki ya Palermo ya 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inayosema kwamba ridhaa ya mtu aliyepatikana kwa udanganyifu ili anyonywe haihesabiki. Kwa hiyo saini ya binti kwenye karatasi asiyoweza kuisoma haimsafishi wakala hata kidogo. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Vienna wa 1963 unawapa maafisa wa ubalozi wetu ulioko Riyadh haki ya kuwasiliana na raia wa Kenya, naye binti haki ya kuwasiliana nao.

Anayetaka kusafiri na ahakikishe kwanza kwamba wakala wake yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, adai mkataba kwa lugha anayoielewa kabla ya kutoa hata shilingi moja, na aache nyumbani nakala za mkataba na pasipoti pamoja na jina na anwani ya mwajiri. Pasipoti yenyewe ibaki mikononi mwake. Wazazi waliokwisha kutoa fedha wasifute ujumbe wa M-Pesa wala sauti za WhatsApp, bali wazipeleke kwa wapelelezi wa DCI na kuomba shauri liandikishwe chini ya Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, wala si kama madai ya deni tu.