Kutoka HO kwenda meza ndogo: skeli ipi ununue?

Meza ya treni za modeli za HO (skeli ya 1:87, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87) ya mita 2.4 kwa 1.2 imevunjwa, nafasi uliyobakiwa nayo ni kipande tu, na treni bado unazitaka. Kabla ya kununua chochote, chukua futi kamba upime kona. Nafasi huliwa pale treni inapogeuka: duara la HO lenye nusu kipenyo cha sentimita 36, ambalo tayari limebana, linataka meza ya upana wa karibu sentimita 80.

Namba moja kwangu ni N, yaani 1:160 juu ya njia yenye milimita 9 kati ya reli mbili. Ramani yako ileile ya HO inaingia kwenye mita 1.3 kwa 0.65, chini ya theluthi ya eneo la zamani. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 28 inatosha vichwa vya treni vifupi; mabehewa marefu ya abiria yatapita, ila yatachekesha kidogo. Chaguo la vifaa ni kubwa, lakini angalia asili yake: N ya Uingereza ni 1:148 na ya Japani kwa kawaida ni 1:150. Zote hukimbia kwenye reli moja, ila ukiziweka bega kwa bega utaona moja imenenepa. Kwenye reli zenyewe, kama unajua utahama tena, chukua zilizounganishwa na kitanda chake (tuta la chini ya reli), kama Unitrack ya kampuni ya Kato. Zinachomoka na kurudi bila kuumia. Reli nyembamba za kodi 55 (kimo cha inchi 0.055) ndizo nzuri machoni, lakini magurudumu ya mitumba yenye kingo ndefu hugonga vishikizo vya reli, na hapo utasikia tik-tik-tik usiku kucha.

Namba mbili ni TT, 1:120. Macho yakianza kuchoka, hii ndiyo dawa: ramani ileile inakaa kwenye mita 1.75 kwa 0.87, na bado unashika behewa bila kibano. Treni za Ujerumani zipo nyingi, na kampuni ya Hornby iliingia 2022 na za Uingereza. Mpenzi wa treni za Marekani atahangaika.

Namba tatu itawaudhi wengine: usinunue skeli mpya. Baki na HO, jenga rafu ya kupanga mabehewa. Mpango wa Inglenook wa Alan Wright unahitaji pointi mbili (sehemu ambapo reli hugawanyika), kichwa kimoja na mabehewa manane. Kupanga matano kati ya hayo kwa mfuatano kunakupa njia 6,720. Duara halipo, na hilo ndilo linalowashinda watu.

Z (1:220) ya Märklin, iliyotoka 1972, naiweka ya nne. Inaingia kwenye sanduku la nguo, lakini vumbi kidogo tu kwenye reli huisimamisha, na usiiunganishe na kontrola (kifaa cha kudhibiti umeme wa reli) ya zamani ya volti 12: Z huishia volti 10 hivi, mota zake zitaungua. Skeli ya T, 1:450, ni pambo.

Ukichagua N au TT, kituo chako cha kidijitali cha HO (kifaa kinachotuma umeme na amri kwenye reli) kitaendelea kufanya kazi mradi hakitoi volti nyingi mno. Angalia kama kina swichi ya kuipunguza. Dekoda (vipokezi vya amri hizo) za ndani ya vichwa vya zamani ziuze pamoja na vichwa vyenyewe, huenda zisiingie kwenye vipya.