Miaka miwili na gari la "kila njia": nimelipima kwa vifaa vyangu

Kazi yangu ni kupima ardhi. Nashinda na pembe na vimo, kwa hiyo kijitabu cha gari kiliponiambia kwamba linakabili ukingo wa nyuzi 30 bila bampa kugusa, sikukubali hivi hivi. Nililiegesha mahali tambarare, nikatoa kifaa, nikapima kuanzia tairi la mbele linapokanyaga hadi ncha ya chini ya bampa. Nyuzi 25. Nikarudia. Nyuzi 25 na nusu.

Kijitabu hakikudanganya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kusomwa na siafu, kimeeleza: nyuzi 30 ni pale springi za upepo zinapokuwa zimeliinua gari hadi kimo cha mwisho, na ule mdomo wa plastiki ulio chini ya bampa ukiwa umetolewa. Mdomo wenyewe umeshikwa na skrubu nane. Nani anashuka kwenye tope kufungua skrubu nane? Na kile kimo cha mwisho kinakubali mwendo wa pole tu. Ongeza kasi kidogo, gari linajishusha lenyewe.

Sitalitaja jina, maana nimeona ndugu zake wa kampuni nyingine wakiwa na tabia zile zile.

Kuna jambo jingine kuhusu kuinua gari ambalo muuzaji hakuligusia. Ukiliinua hadi juu, miguu inakuwa imeshanyooka karibu yote. Ukipita kwenye shimo, gurudumu halina tena pa kushukia, linaning'inia hewani. Hapo ndipo difu inapoingia. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kulia na kushoto, na gurudumu lililo hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka. Basi na mwenzake aliye ardhini hupata hiyo hiyo, yaani si kitu. Dawa ya zamani ni loki ya difu, inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Langu halina loki. Lina kompyuta inayobana breki ya gurudumu linalozunguka ovyo, ili nguvu ihamie upande wa pili.

Nakiri, mara ya kwanza nilipigwa na butwaa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa juu kiasi cha kupitisha mguu wangu chini yake, nikakanyaga mafuta taratibu, nikasikia krrr krrr, gari likatoka kama halikuwa na habari. Nikajiona fundi wa njia mbaya.

Mara ya tatu ilikuwa mlima wa changarawe legelege, kama mita 400 hivi, na vyuma vya kazi vimejaa nyuma. Nusu ya njia maandishi yakatokea kwenye dashibodi: mfumo umesimamishwa kwa muda, joto limezidi. Ndiyo, ni breki. Ukizibana mfululizo zinachemka, hakuna uchawi. Tulikaa dakika 20 tukinusa harufu ya breki. Jamaa ninayefanya naye kazi, mwenye Suzuki Jimny ya umbo lililotoka 2018, alitupita akipunga mkono. Kijigari chake kina uzito wa kilo kama 1,100, chesisi ya ngazi (fremu ya vyuma chini ya bodi, kama ngazi iliyolazwa), ekseli nzima mbele na nyuma (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili), na kijitabu chake kinaandika nyuzi 37 mbele na 49 nyuma. Ukilitazama tu lilivyokatwa mbele na nyuma huhitaji kifaa kuamini.

Sasa nisiwaonee wahandisi. Ile siku ya kwanza, gurudumu likiwa hewani, nilifungua mlango wa nyuma, nikaufunga kwa kidole. Bodi halikujikunja hata kidogo. Mfumo wa kushuka mlima bila kukanyaga breki nimeutumia kwenye utelezi ambao kwa mguu wangu ningeserereka hadi chini, na haujawahi kuniangusha. Kwenye lami gari hili limetulia mno. Na hapo ndipo kwenye kiini: wanunuzi tulitaka gari litulie kama gari la saluni na lipande kama mbuzi, wahandisi wakapewa kazi hiyo, wakaenda nayo hadi pale ilipowezekana. Mimi mwenyewe nililinunua baada ya kukalia kiti. Chini ya uvungu sikuchungulia.

Maji ndiyo yaliyonitia hasara. Kijitabu kinasema milimita 700. Nilitangulia kwa miguu na fimbo ya kupimia, nikapata 550, nikavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Injini haikukohoa. Wiki mbili baadaye fundi akafungua difu ya nyuma, oili ikatoka nyeupe kama maziwa.

"Mzee, hii imekunywa," akaniambia.

Difu ikiwa ya moto ikatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kijibomba chake cha kupumulia kilikuwa kifupi, kimeishia pale pale maji yanapofika. Zile milimita 700 zilikuwa za injini na mdomo wake wa kuvutia hewa. Fundi akaunga mpira wenye urefu wa mkono, akaupandisha juu, kazi ya nusu saa. Hapo sina simile kwa kiwanda. Kipande cha mpira!

Matairi sitayapigia kelele nyingi. Rimu za inchi 20, ubavu wa tairi mwembamba kama utepe. Ukipunguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 ili likamate mchanga, rimu inakaribia kugusa mawe. Na spea? Kale kagurudumu kembamba kalikoandikwa kasizidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye gari lililopakwa picha ya milima kwenye tangazo!

Kama njia yako mbaya ni kilomita chache za vumbi na tope la msimu, lichukue, utalipenda. Kama ni ya kila siku na mzigo, tafuta lenye loki ya nyuma na spea kamili, hata kama kiti chake ni kigumu. Mimi nimebaki nalo. Nimeweka rimu za inchi 18 na tairi nene, nimeuachia mdomo wa plastiki ubaki nyumbani moja kwa moja, na nimefungua vile vikanyagio vya pembeni vilivyokuwa vikikwaruza kila tuta. Nilipima tena: mbele ni nyuzi 29. Mama mkwe sasa hafikii mlango, kwa hiyo nyuma ya kiti changu kuna kigoda, na kila safari nashuka kwanza kumwekea.