WireGuard ndani ya ruta: poti pekee ninayokubali kuifungua

Ofisi nyingi ninazohudumia zina ombi moja: kompyuta yenye hesabu zote iko ofisini, mwenyewe anataka kuitumia akiwa safarini. Njia wanayoambiwa mara nyingi ni kuingia kwenye ruta, kufungua poti 3389, mlango wa mtandao wa Remote Desktop (huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali), na kuielekeza kwenye kompyuta hiyo, mradi iwe na Windows Pro, maana toleo la Home halipokei wageni wa Remote Desktop. Inakubali siku hiyo hiyo.

Sasa fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ya mashine iliyoachwa hivyo, nenda sehemu ya Security, chuja tukio namba 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindwa. Kwa mteja mmoja nilikuta administrator, admin, user, test, kisha administrator tena, usiku kucha, kutoka anwani ambazo hakuna mtu wa ofisi ile anayezijua. Kubadili namba ya poti hakuponyi kitu. Wanaotafuta hupita zote hadi 65535. Nenosiri refu nalo halitoshi kasoro ikiwa ndani ya huduma yenyewe. Mwaka 2019 ilipogunduliwa BlueKeep, iliyomruhusu mtu kuingia bila kuulizwa nenosiri, Microsoft ilitoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo ilishaacha kuihudumia tangu 2014.

Ndiyo maana mimi hufungua poti moja tu, 51820 ya UDP, na nyuma yake naweka WireGuard, aina ya VPN, yaani njia iliyofichwa inayounganisha kifaa chako na mtandao wa ofisi, kila kifaa kikiwa na ufunguo wake. Ruta nyingi mpya zinakuja nayo. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, unaiongeza kama kifurushi. Kinachonivutia zaidi ni ukimya wake. Pakiti isiyo na ufunguo unaotambulika haijibiwi chochote, hata kukataliwa, hivyo anayepiga hodi poti baada ya poti hapati dalili kwamba kuna mtu ndani.

Kuiweka ni rahisi. Simu inasoma msimbo wa QR, kompyuta mpakato inapewa faili, basi. Ukishaunganishwa unafungua Remote Desktop kwa anwani ya ndani, mfano 192.168.73.10, kama vile umekaa ofisini. Hiyo 73 nimeiweka makusudi: ofisi ikiwa 192.168.1 na hoteli uliyofikia nayo ni 192.168.1, kompyuta yako itamtafuta mwenzake palepale hotelini na haitampata. Badilisha mtandao wa ofisi mapema, kisha iambie ruta iipe kompyuta ile anwani isiyobadilika. Kwenye AllowedIPs, mstari wa mipangilio ya kifaa chako unaotaja anwani zipi zipitie WireGuard, andika mtandao wa ofisi peke yake, ukiandika 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, hata video unazotazama zitapitia intaneti ya ofisi.

Simu ikiibiwa, unafuta ufunguo wake mmoja kwenye ruta na wengine wanaendelea na kazi. Kwa ofisi yenye watu wanaokuja na kuondoka, hilo peke yake linanitosha kuitetea.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukimya ule ule ninaousifu unamtesa anayeiweka: ukikosea herufi moja ya ufunguo, hakuna ujumbe wa kosa. Tazama mstari unaoonyesha muda wa mwisho vifaa viwili vilipotambuana. Ukiwa mtupu, rudi kwenye funguo, kisha kwenye poti.

Na kabla hujagusa chochote, linganisha anwani ya WAN (upande wa intaneti) iliyo kwenye ruta na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakupa. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti yoyote utakayofungua haitafikiwa kutoka nje. Hapo omba anwani ya umma, au kodi seva ndogo yenye anwani hiyo, ruta ya ofisi iwe ndiyo inayoanzisha mawasiliano, na PersistentKeepalive, muda wa kutuma pakiti ndogo ili njia isifungwe, iwe sekunde 25.