Skani ya mifupa ya kitengo cha tiba ya nyuklia: uzoefu wangu

Kwa miezi minne nililalia ubavu mmoja tu, kwa kuwa maumivu ya nyonga ya kulia yalizidi usiku na kuniamsha nikiwa nimelowa jasho. Eksirei niliyopigwa Arusha haikuonyesha kitu, nikawa napewa dawa za kutuliza maumivu, hadi daktari mmoja aliponiuliza ninafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba ninafuga ng'ombe, na kwamba maziwa ninayanywa yakiwa bado na joto la kiwele, aliweka kalamu chini, kisha akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Nianze na lililoniudhi. Siku ya miadi niliambiwa kuwa dawa haijaingia. Mashine ipo na wataalamu wapo, ila teknesiamu, yaani dawa yenyewe yenye mionzi inayodungwa ili mifupa ionekane kwenye picha, hutokana na jenereta (si ya umeme, bali chombo cha kuizalishia dawa hiyo) inayoagizwa nje, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66 hivi, kwa hiyo haiwezekani kuweka akiba stoo. Hilo nalielewa, nisichoelewa ni kwa nini hakuna aliyenipigia simu kabla sijapanda basi.

Wiki iliyofuata nilihudumiwa vizuri. Nilidungwa sindano ya mshipa nikiwa nimeshalala kwenye kamera ya gama, ambayo hunasa mionzi ya dawa hiyo kutoka mwilini, kwa sababu picha za kwanza huonyesha damu inavyoingia kwenye sehemu yenye uvimbe, na za mwisho hupigwa baada ya saa 3 hivi, dawa ikishashika kwenye mfupa. Katikati ya hapo kazi yako ni kunywa maji na kwenda haja ndogo, na usiipuuze: mkojo uliobaki kwenye kibofu changu ulikuwa na mionzi, ukang'aa jirani kabisa na pale tulipotaka kupaona, ikabidi nishushwe, niende msalani, nirudi kulala upya. Kamera yenyewe haiumi, ingawa hushuka hadi karibu na pua, na anayeogopa kubanwa ni vyema aseme mapema. Jioni hiyo niliombwa nisipakate watoto wadogo, jambo ambalo mjukuu wangu hakulipokea vizuri.

Kwenye skrini mifupa yangu yote ilikuwa ya kijivu, isipokuwa kiungo kinachounganisha nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, upande wa kulia, kilichokuwa cheusi kama kimedondokewa wino. Doa hilo halitaji jina la kijidudu, na daktari alinieleza kuwa hata mvunjiko au saratani ingeweza kulileta. Ni kipimo cha damu kilichothibitisha brusela, ugonjwa wa mifugo ambao mtu huweza kuupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, nikaanzishiwa antibiotiki za doksisaiklini na rifampisini kwa miezi mitatu. Hata hivyo, kabla ya skani kila mtu alikuwa akiupapasa uti wa mgongo, mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote.

Kwa anayetoka mkoani, piga simu kitengoni siku moja kabla ya safari, uulize kama jenereta imefika, ndipo ukate tiketi.