POS ipi ununue kama unataka risiti ya zamani ipatikane haraka

Watu wengi wakinunua sistimu ya duka (POS, yaani programu ya kuuzia na kutoa risiti) wanaangalia inauzaje tu, batani ziko wapi, inaskani haraka au inasuasua, printa inatoa risiti, basi wanalipa wanaondoka. Swali la itakuaje siku mteja akirudi halina anayeliuliza, na mimi ndo kitu cha kwanza naangalia siku hizi, hata kabla ya stoku, kwa sababu nimekaa kaunta na najua inavouma.

Mama mmoja alirudi na pasi imekufa, risiti hana, anachokumbuka ni kwamba alinunua kama wiki mbili nyuma na alilipa kwa kadi. Sistimu tuliyokuwa nayo ilikuwa na kisanduku kimoja cha kutafutia na kilikuwa kinakubali namba ya risiti peke yake. Sasa namba ataitoa wapi? Nikaanza kufungua siku moja moja, ukurasa baada ya ukurasa, tulikuwa tunapiga risiti kama 200 kwa siku, zidisha mara 14 uone, ni 2,800, huku foleni inakua nyuma yake na yeye ameshaanza kuona aibu mbele za watu kama vile anadanganya. Risiti niliipata baada ya dakika karibu 40. Alikuwa mkweli kabisa, pasi ni yetu, na kitu alichohitaji kilikuwa mle ndani ya kompyuta muda wote ila hakukuwa na mlango wa kukifikia.

Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa kigezo kimoja: mteja kaja mikono mitupu, sistimu inakusaidiaje?

Na mikono mitupu ndo hali ya kawaida, usidhani ni bahati mbaya ya mara moja moja. Karatasi ya risiti haina wino, ni karatasi ya joto, printa inaichoma kidogo na kemikali iliyopakwa juu inageuka nyeusi, ndo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inaweza kuwa nyeusi yote, na ukiikalisha kwenye waleti miezi kadhaa au ukaishika na mafuta maandishi yanafifia. Hata mteja mwangalifu anaweza kukuletea kikaratasi cheupe.

Sasa tuone anakuja na nini kichwani. Anakumbuka bidhaa, siku kwa makadirio, na saa zingine kiasi alicholipa, na kama alilipa kwa kadi au kwa simu ana ujumbe unaoonyesha kiasi kamili na tarehe. Hiyo ya kiasi kamili na tarehe ndo dhahabu. Ukiwa na sistimu inayokuruhusu kuandika kiasi pamoja na tarehe kwa mkupuo mmoja, risiti 2,800 zinageuka kuwa mbili tatu hapo hapo, na bado nashangaa sistimu ngapi za kulipia hazina kitu hiki. Ya pili kwa nguvu ni kutafuta kwa bidhaa ndani ya muda fulani, yaani uniletee risiti zote zenye pasi ya aina hii kuanzia tarehe hii mpaka hii. Hapa uwe makini unapoonyeshwa demo, kwa sababu sistimu inahifadhi risiti sehemu mbili, kichwa cha risiti (namba, tarehe, jumla, keshia) na mistari ya bidhaa, na sistimu nyingi za bei rahisi zinasachi kichwa tu. Ukiandika jina la bidhaa haileti kitu, au inakupeleka kwenye ripoti ya mauzo inayosema zimeuzwa pasi 31 bila kukwambia ziko kwenye risiti zipi.

Namba nne za mwisho za kadi zinasaidia ila zina mtego mmoja ambao umewagombanisha sana wateja na makeshia. Mtu akilipa kwa kugusisha simu, kwa Apple Pay au Google Pay, namba inayofika dukani mara nyingi sio ile iliyochapwa kwenye kadi yake, ni namba nyingine ya kifaa, kwa hiyo anakusomea nne za mwisho za kadi ya plastiki na wewe huoni kitu. Sio mwongo. Mwambie afungue kadi kwenye simu aangalie namba ya kifaa, au rudi kwenye kiasi na tarehe.

Haya sasa, nilivyozipanga.

Namba 1, Odoo

Hii naiweka juu kwa duka linalokua au lenye matawi. Pale pale kwenye mashine ya kuuzia kuna orodha ya oda, unasachi kwa namba ya risiti, tarehe au jina la mteja, lakini uzuri wake mkubwa uko kule nyuma ofisini ambako unaweza kujitengenezea filta yako mwenyewe, unachanganya bidhaa na tarehe na jumla na keshia, alafu unaihifadhi filta hiyo kwa jina ili kesho keshia mwingine aibonyeze tu. Kurudisha mzigo pia kumekaa vizuri, unafungua risiti ya mwanzo, unachagua mstari gani unarudi na ni vipande vingapi, na inakumbuka vilivyosharudi, hivo mtu hawezi kurudisha kitu kimoja mara mbili kwa keshia wawili tofauti. Kuna toleo la bure la chanzo huria na lina POS ndani yake. Ubaya wake ni kwamba inataka mtu wa kuipanga, ukiinunua ukategemea itakaa sawa yenyewe utaumia, na kama utaiweka kwenye seva yako basi bakap ni jukumu lako wewe, si la mtu mwingine.

Namba 2, Shopify POS

Kama unauza dukani na mtandaoni kwa pamoja hii ingekuwa namba 1, nasema kweli. Oda zote zinakaa kwenye orodha moja, mteja aliyeagiza mtandaoni akija kurudisha dukani huendi kufungua sistimu nyingine. Unatafuta kwa namba ya oda, jina au imeili, na risiti inaweza kutoka na bakodi ambayo ukiiskani oda inafunguka yenyewe, hakuna kuandika wala kukosea. Imeili hapa ndo mkombozi, ukiwazoesha makeshia kuuliza mteja kama anataka risiti kwa imeili basi umejijengea njia ya kumpata miezi baadaye (ila umuulize kweli, usimwandikie imeili ya uongo ili skrini ipite, nimeona watu wanafanya hivo alafu mteja mmoja anaonekana kanunua nusu ya duka). Kitu cha kujua kabla hujalipa, ukitaka kuunganisha programu nyingine, tuseme ya uhasibu, kwa kawaida programu hiyo inaruhusiwa kuona oda za siku 60 za mwisho tu mpaka ipewe ruhusa maalum, kwa hiyo usishangae mhasibu akisema haoni mauzo ya mwanzo wa mwaka.

Namba 3, Square

Kwa mteja aliyelipa kwa kadi sijaona kitu rahisi kama hiki, anagusisha au anachomeka kadi ile ile na sistimu inaleta malipo yaliyofanywa kwa kadi hiyo. Yule mama wa pasi angemaliza ndani ya nusu dakika. Mbona sasa namba 3? Kwa sababu ukilipwa taslimu faida hiyo haipo, na kwa sababu Square haipokei malipo kila mahali, iko Marekani, Kanada, Japani, Australia, Uingereza na nchi chache za Ulaya, kwa hiyo wasomaji wengi haiwahusu. Kama uko kwenye nchi hizo na wateja wako wengi ni wa kadi, ipandishe.

Namba 4, uniCenta oPOS

Ya zamani kidogo, imetokana na Openbravo POS, imeandikwa kwa Java na data inakaa kwenye databesi ya MySQL. Sura yake haivutii, nakubali. Ila dirisha lake la kutafuta risiti lina namba ya risiti, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, kiasi, keshia na mteja, vyote kwenye fomu moja, na hicho ndo nilichokisema pale juu kwamba ni dhahabu. Inafanya kazi bila intaneti. Na kwa sababu data iko kwenye kompyuta yako, fundi anayejua SQL (lugha ya kuuliza databesi) anaweza kukutolea chochote, hata risiti zote zenye pasi fulani kati ya tarehe mbili, bila kumuomba mtu ruhusa. Ukiwa huna fundi wa karibu iruke.

Namba 5, Loyverse

Kwa duka la mtu mmoja au wawili wanaouza kwa simu au tableti, hii ndo rahisi kuanza nayo, unaiweka leo leo unauza. Risiti zinaonekana pale pale kwenye programu, namba ya risiti inaanza na namba ya kifaa kilichouza, hivo ukiwa na mashine mbili unajua mara moja ni ipi, na ukiwa kwenye risiti unabonyeza kurudisha hela. Imeshuka mpaka hapa kwa sababu utafutaji wake umeegemea namba ya risiti, huna ule uhuru wa kuchanganya vitu vingi kwa pamoja. Kabla hujaanza na mpango wa bure soma historia ya mauzo inayoonekana ni ya siku ngapi, hili ni la mipango ya bure yote, maana data inaweza kuwepo lakini wewe usiione mpaka ulipie.

Zilizobaki siziwekei hata namba. Excel na daftari vinatafutika, kwenye Excel Ctrl na F inafanya kazi, lakini yeyote anaweza kubadilisha mstari bila alama yoyote kubaki, na risiti inayobadilika haina maana tena. Na sistimu zilizokufa usizinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa: QuickBooks Desktop Point of Sale ilisitishwa na Intuit Oktoba 2023, na Microsoft Dynamics RMS msaada wake uliisha 2021. Bado utakuta watu wanaziuza na leseni zilizoshatumika na mtu mwingine. Zinafungua, zinauza, siku databesi ikiharibika huna wa kumpigia.

Ukishachagua mbili za kujaribu, usikubali demo ya muuzaji yenye risiti kumi. Mwambie akupe akaunti ya majaribio uingize data yako, angalau maelfu ya mistari, alafu fanya mambo haya ukiwa na saa mkononi. Tafuta kwa kiasi na tarehe. Tafuta kwa bidhaa bila tarehe kabisa uone kama inaganda. Andika 452 badala ya 000452 uone kama bado inaipata, maana kuna sistimu inazichukua sifuri za mbele kama herufi na hizo mbili kwake ni vitu tofauti kabisa. Andika namba ya simu ya mteja ikiwa na nafasi katikati, kisha bila nafasi. Kama unauza vitu vya umeme au simu tafuta kwa namba ya siriali, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ina tarakimu 15 na hakuna ushahidi mzuri kama huo, kwa sababu inathibitisha kifaa chenyewe na sio aina yake tu.

Alafu jaribu saa. Hili limenitesa kuliko yote. Sistimu nyingi za mtandaoni zinahifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), na kama hazikupangwa vizuri utafutaji wa tarehe unafuata UTC badala ya saa za dukani. Tokyo iko mbele kwa saa 9, kwa hiyo risiti ya Jumanne saa 2 asubuhi inaangukia Jumatatu, mteja anasema Jumanne, wewe unatafuta Jumanne, haipo, na wote wawili mko sahihi. Piga risiti ya majaribio mapema asubuhi na nyingine karibu na kufunga, kesho yake zitafute kwa tarehe. Mpaka hapo utakapohakikisha, ukitafuta weka siku moja kabla na siku moja baada.

Zima intaneti pia, uza, kisha mwende mkaitafute risiti hiyo kwenye mashine ya pili. Haitakuwepo mpaka mashine ya kwanza irudi hewani, hiyo inaeleweka, ila sistimu nzuri inakuonyesha kuna risiti ngapi bado hazijapanda, mbaya inakaa kimya na keshia wa pili anamwambia mteja hujanunua hapa.

La mwisho kuliangalia ni nani anaruhusiwa kutafuta. Keshia asiye mwaminifu akiweza kuzisachi risiti za taslimu za juzi anaweza kuchukua moja, akairudisha kwenye sistimu kama vile mteja karudi, na kuweka hela mfukoni, stoku itakuja kusoma vibaya wiki mbili baadaye na hakuna atakayejua imeanzia wapi. Kwa hiyo ruhusa ya kuona risiti na ruhusa ya kurudisha hela ziwe mbili tofauti, risiti ikichapwa upya itoke imeandikwa NAKALA, na kuwe na rekodi ya nani alifungua nini saa ngapi. Muombe muuzaji akufungulie hiyo rekodi mbele yako, asikuambie ipo tu. Na ukiwa hapo hapo muombe akutolee risiti zote kwa faili la CSV (jedwali la maandishi linalofunguka hata kwenye Excel), pamoja na mistari ya bidhaa na sio vichwa peke yake, kabla hujatoa hela.