Maabara ya nyuma ya soko, Muheza: sababu ya mimi kurudi pale

Niliporudi Muheza mwezi wa tatu, baada ya miaka tisa Makete, malaria sikuiwaza kabisa. Nimezaliwa hapa. Nikiwa sekondari homa ilikuwa ya siku moja. Nameza dawa, kesho yake niko shambani. Mwezi wa tano ikaniangusha hadi dada yangu akanibeba mgongoni kunifikisha kwenye bodaboda.

Nilimaliza dawa ya mseto siku zote tatu, homa ikakata. Wiki mbili baadaye nikapata mafua na kichwa kikawa kinagonga. Kituo kimoja cha afya wakanichoma kidole, kipimo cha haraka kikasoma malaria, wakataka kunianzishia sindano palepale. Moyo ukasita. Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye maabara hii.

Ni chumba kimoja, meza moja, darubini moja. Nilimwamkia mzee anayepima, akaitikia, kisha kabla hajagusa kidole changu akauliza: "Mwanangu, dawa umemaliza lini?" Kule nilikotoka hakuna aliyeniuliza hivyo. Akatengeneza slaidi, yaani kipande cha kioo chenye tone la damu yangu, akaipaka rangi, akakaa kwenye darubini muda mrefu. Hasemi "hakuna" mpaka apitie sehemu mia moja za slaidi. Hakukuwa na kimelea hata kimoja. Kipimo cha haraka, akanieleza, kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Nililipa shilingi 3,000, nikaepuka sindano nisizozihitaji.

Nikamuuliza lililokuwa linanisumbua: mimi mtoto wa Muheza, imekuwaje nikaugua kama mgeni? Alivuta kiti. Mbu akishakuuma, alisema, vimelea hujificha kwenye ini kama wiki moja, nawe huhisi kitu. Wakitoka huingia kwenye chembe nyekundu za damu, wakazaliana na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi. Hapo chembe nyeupe hushtuka na kumwaga kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha homa. Bandama nayo inachuja chembe zilizoshikwa, ndiyo maana watoto wengi wa zamani hapa walikuwa na bandama iliyovimba. Mwili pia hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumtambua kimelea, lakini kimelea ana mbinu: ana jeni (maagizo ya kurithi) zipatazo 60 za kubadilishia vazi analolivika chembe aliyoingia. Kingamwili za vazi la jana hazilitambui la leo. Mtoto wa hapa huugua mara nyingi mpaka mwili wake uzoee mavazi mengi. Akiwa mkubwa vimelea bado humwingia, ila hawamwangushi kirahisi. Ukikaa miaka mingi kwenye baridi ya Makete bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga hiyo inapungua.

Kisha akauliza kama nina mtoto. Ninaye, wa miaka minne, amezaliwa Makete, hajawahi kuugua malaria. Uso wa mzee ulibadilika. "Huyo mwili wake haujui lolote. Akichemka usingoje kesho."

Upungufu upo. Benchi la kusubiria liko juani, umeme ukikatika darubini inasimama, na Jumapili wanafunga saa sita mchana. Majibu huchukua kama dakika 45, kwa hiyo mwenye haraka atachoka. Mimi niko radhi kusubiri, maana anayesoma slaidi yangu anaisoma kweli.

Wiki iliyopita mwanangu alichemka usiku wa manane. Nilimpeleka hospitali usiku uleule, sikungoja kuche. Alikuwa na malaria, ikawahiwa, siku ya pili akaomba uji. Alipomaliza dawa nikampitisha kwa mzee, naye akamnyanyua achungulie darubini.